Upepo Umegoma, Gesi Yasingiziwa!

HAPA mjini kuna watu wanateseka huku wanatabasamu. Simama pale Mwenge saa nane mchana, mwezi wa pili, jua limekukalia utosini, halafu yaangalie magari yaliyonasa kwenye foleni. Lazima utaliona moja vioo vimepandishwa mpaka juu, ndani yake kuna braza kafunga tai, jasho linamtiririka kama kamwagiwa ndoo. Utajiuliza, huyu bwana kwa nini asishushe kioo apate hewa? Ashushe vipi, wewe! Akishusha si mji mzima utajua AC yake mbovu? Anaona bora aive humo humo kama muhogo kwenye sufuria, kisa heshima ya gari.

Wale mliozoea nikiwaletea habari za wachumba na mitindo ya kusuka, leo mtanivumilia. Leo nazungumzia yale matundu manne ya mbele ya gari, yale yanayotakiwa yakupulizie ubaridi usoni. Ukiyatazama unaona vitu vidogo tu vya plastiki, unavisogeza kwa kidole huku na kule. Lakini nakwambia, mwaka huu yalikaribia kumuuzisha kaka yangu kitanda.

Kaka anaendesha teksi ya mtandaoni. Gari si lake, ni la mkataba. Kwa wewe usiyejua mkataba ni kitu gani, mwenye gari anakukabidhi funguo, kila Jumapili unampelekea hesa yake, matengenezo yote ni juu yako, na ikifika miezi mliyoandikiana gari linakuwa lako. Inasikika vizuri, eh? Sasa ukikwama hesa wiki mbili zikifuatana, gari linarudi kwa mwenyewe na zile ulizokwisha kulipa zinabaki hadithi ya kuwasimulia wajukuu. Kaka alikuwa kabakiza miezi minne. Miezi minne, jamani, baada ya mwaka na miezi minane ya kuamka saa kumi alfajiri na kulala saa sita usiku!

Mwezi wa kwanza AC ikaanza vituko. Upepo ukawa unatoka kwa kuvizia, kama mtu anayepuliza chai. Na abiria wa mtandaoni si abiria wa daladala. Kwenye daladala unaweza kukaliwa mapajani na mtu ameshika kuku, na bado ukamwambia konda shukrani. Huyu wa mtandaoni kalipia ubaridi. Asipoupata hagombi, hapigi kelele, anashuka zake, "asante kaka," halafu akifika kwake anajinyoosha kwenye kochi anabonyeza nyota mbili. Nyota zikishuka, wateja nao wanakuruka. Kaka akawa anakaa chini ya mti kusubiri simu ilie, simu yenyewe kimya kama imefiwa.

Akaenda gereji. Jina la gereji silitaji, maana nia yangu si kumharibia mtu biashara. Fundi akaweka kiganja kwenye tundu sekunde mbili, akatikisa kichwa, "Gesi imeisha." Elfu hamsini ikatoka. Siku mbili tatu kaka akawa anajipa moyo eti imebadilika, lakini ubaridi wa kujipa moyo haupozi mtu. Akarudi. Safari hii fundi akafungua boneti, akagonga gonga kwa spana, akatangaza msiba: kompresa imekufa. Iliyotumika, kutoa, kufunga na gesi juu, laki nne na nusu. Hapo kaka mfukoni alikuwa na elfu kumi na tisa na hesa ya Jumapili haijatimia.

Mimi nikayakuta hayo siku ya Alhamisi, nilikwenda kwao Tabata kuwasalimia. Nikamkuta wifi kanuna, kaka naye kaangalia sakafu. Kumbe alishakwenda kwa wale jamaa wa mikopo ya kausha damu, wamemkubalia laki tano, dhamana ni kitanda, friji na televisheni, na marejesho ni kila wiki. Fomu iko mezani, bado sahihi tu. Wifi mimba ya miezi saba, halafu anaambiwa aweke kitanda rehani kwa sababu ya AC! Nisingekuwa mimi, na wewe ungenuna.

Nikamuuliza kaka swali moja tu. "Kaka, tatizo ni upepo hautoki, au unatoka ila wa moto?"

"Yote hayo si AC mbovu, mdogo wangu?"

Hapana, si yote hayo. Na hili nilikuwa nalijua, si kwa sababu nina akili kuliko kaka, ila kwa sababu kuna mzee pale Ilala anatengeneza mafriji na AC za magari, niliwahi kukaa kwake siku nzima nikiandika makala ya friji za mtumba. Ni mzee wa maneno mengi, lakini maneno yake yana nyama. Nikamwambia kaka asitie sahihi mpaka Jumamosi. Wifi akaichukua ile fomu akaikalia.

Ijumaa asubuhi nikawa Ilala. "Shikamoo mzee." "Marahaba binti, friji limekufa tena?" Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho huku anasafisha bomba la shaba, halafu akacheka kile kicheko chake cha puani.

"Sikiliza mwanangu. AC ya gari ina mambo matatu na watu wanayakoroga pamoja kama uji. Kuna upepo, kuna ubaridi, kuna njia. Upepo kazi ya feni. Ubaridi kazi ya gesi na kompresa. Njia ni yale mabomba na milango midogo ndani ya dashibodi. Sasa gesi ikiisha yote, isibaki hata chembe, feni inajua? Haijui! Upepo utatoka vilevile, tena mwingi, ila utakuwa wa joto. Huyo kaka yako upepo wenyewe hautoki, gesi inaingiaje hapo?"

Ndugu msomaji, irudie hiyo sentensi ya mwisho polepole. Ndiyo iliyookoa kitanda cha wifi.

Mzee akanichorea kwenye gazeti kuukuu. Ndani kabisa ya dashibodi kuna kitu mfano wa rejeta ndogo, kinaitwa evaporeta. Gesi ikipita humo inakipoza vikali. Feni, ambayo mafundi wanaiita blowa, inanyonya hewa, inaipitisha kwenye filta, inaisukuma ipenye kwenye evaporeta, hewa inapoa na kuacha unyevu wake pale, halafu inaingia kwenye mabomba ya plastiki mpaka matunduni. Njiani ndipo ilipo ile milango midogo. Mmoja unaamua hewa ikupige usoni, miguuni au ipande kwenye kioo cha mbele. Mwingine unachanganya hewa ya baridi na ya moto, maana hita nayo imo humo humo ndani, hata sisi wa Dar ambao hita hatuna kazi nayo. Wa tatu unaamua ivutwe hewa ya nje au izungushwe ile ile ya ndani. Gari zenye vitufe vya umeme, milango hiyo inasukumwa na vijimota. Zenye vitasa vya kuzungusha kwa mkono, nyingi zinatumia waya kama wa breki ya baiskeli.

Hapo mzee akaniongezea na historia, nami nikaithibitisha baadaye. Kampuni ya Packard ya Marekani ndiyo iliyotangulia kuuza magari yenye AC ya kiwandani, matoleo ya mwaka 1940. Mtambo wake ulikula nusu ya buti, na ukitaka kuuzima ilikuwa usimame, uzime injini, ufungue boneti uvue mkanda kwa mkono! Halafu sisi tunalalamika kitufe kigumu. Gesi za siku hizo na miaka mingi iliyofuata, hasa ile R12, zilikuja kuonekana zinakula tabaka la ozoni huko juu. Ndiyo maana mwaka 1987 mataifa yakatia saini Mkataba wa Montreal, na katikati ya miaka ya 1990 viwanda vya magari vikahamia R134a, ambayo ndiyo iliyomo kwenye haya magari yetu mengi kutoka Japani. Ukinunua gari jipya jipya la miaka ya karibuni unaweza kukuta nyingine tena, R1234yf, na hizo hazichanganywi. Soma kikaratasi kilichobandikwa chini ya boneti kabla fundi hajafungua mtungi wake.

Jumamosi saa mbili asubuhi tukawa nje kwa kaka, mimi, yeye, bisibisi moja na karatasi ya chooni. Msicheke. Karatasi ya chooni ndiyo kipimo alichonipa mzee. Unakata kipande kirefu, unakining'iniza mbele ya tundu, unawasha feni namba moja, mbili, tatu, nne, AC yenyewe umeizima. Karatasi haidanganyi kama kiganja cha fundi mwenye haraka.

Tukawasha. Namba moja, sauti ndogo. Mbili, ikaongezeka. Tatu, ikavuma. Nne, ikanguruma kama ndege inataka kuruka Kipawa. Na ile karatasi? Inatikisika kwa adabu, kama bibi harusi anayecheza mbele ya wakwe. Sasa hapo ndipo unapotumia kichwa. Feni inanguruma, kwa hiyo mota yake nzima na umeme unafika. Namba zote nne zinaitikia, kwa hiyo kile kipande kinachopunguza mwendo wa feni nacho kizima. Kelele nyingi, upepo kidogo. Maana yake feni inapiga ukuta. Kuna kitu kimeziba.

Kaka kashika kiuno. "Kimezibwa na nini sasa?"

Nikafungua ile droo iliyo mbele ya abiria, tukatoa makaratasi ya bima, risiti za mafuta, chanuo na soksi moja isiyojulikana ya nani. Pembeni ya droo kuna kijimkono cha plastiki, kinachomolewa. Halafu unaibana droo pande zote mbili kuelekea katikati, inaporomoka yenyewe mpaka chini. Nyuma yake utaona kifuniko chembamba cha plastiki. Hicho ndicho mlango wa filta. Magari mengi ya Kijapani yako hivyo, na kazi yote hiyo haizidi dakika tano, hata kama unaogopa kuvunja kucha.

Nikavuta. Haikutoka. Nikavuta tena. Ikatoka na mvua ya takataka, wifi akaruka pembeni akipiga kelele. Wewe, ile haikuwa filta, lilikuwa godoro! Majani ya mwarobaini yaliyokauka, mavumbi ya miaka, mabawa ya wadudu, nyuzi nyuzi za sijui kitu gani, vyote vimegandamana na kuwa kitu kimoja cheusi kama mkate ulioungua. Kaka huwa anaegesha chini ya mwarobaini ule ule kila usiku, na hewa ya nje huingilia pale chini ya kioo cha mbele, kwenye zile mbavu za plastiki ambapo majani hukusanyika. Filta ile ni ya karatasi iliyokunjwa kunjwa, kazi yake ni kuzuia uchafu. Ilizuia mpaka ikazuia na hewa.

Tukarudisha kifuniko bila filta, kwa kupima tu. Namba nne. Karatasi ya chooni ikachomoka mkononi mwangu ikaenda kumbandika kaka kwenye paji la uso. Tukawasha AC, tukasubiri. Baada ya dakika chache ile hewa ikawa baridi ya kweli, ile baridi ya kukuotesha vipele. Kompresa iliyotangaziwa msiba ilikuwa hai inakula ugali wake! Kaka hakusema kitu. Alikaa pale kwenye kiti cha dereva, mlango wazi, mikono kwenye usukani. Wifi akaingia ndani, akatoka na ile fomu, akanipa nifutie mikono.

Lakini jambo halikuishia hapo, na ningewadanganya nikisema liliisha. Upepo ulikuwa mwingi, baridi ilikuwepo, ila vyote vilikwenda miguuni. Zungusha kitasa usoni, miguuni. Zungusha kwenye kioo, miguuni. Na kitasa chenyewe kinazunguka chepesi, hakina uzito wowote. Nikakumbuka neno la tatu la mzee: njia. Nikamuuliza kaka, kuna mtu aliyewahi kufungua dashibodi hii? Akafikiri. Mwezi wa kumi na moja alifunga redio mpya yenye kioo, kijana mmoja wa mtaani alifanya kazi hiyo jioni moja. Basi tukachungulia pembeni mwa dashibodi, upande wa miguu ya dereva, kwa tochi ya simu. Ule waya wa kusukuma mlango umechomoka kwenye ndoana yake, unaning'inia. Kuurudisha kulimgharimu kaka mchubuko mmoja wa kidole na matusi mawili ambayo gazeti hili haliyachapi. Kitasa kikapata uzito, hewa ikapanda usoni.

Filta mpya Kariakoo tuliipata elfu kumi na tano. Ina mshale pembeni, na mshale ule si pambo, fuata unavyoelekeza. Usidanganywe ukaifua ile ya zamani kwa sabuni, karatasi ikilowa inalegea na kuota ukungu. Kuikung'uta sawa, kukusogeza siku mbili tatu ukisubiri mshahara. Kwa barabara zetu za vumbi, ile kanuni ya kwenye kitabu ya kubadilisha baada ya kilomita elfu kadhaa usiitegemee sana. Ichungulie kila unapomwaga oili, macho yako yatakwambia.

Jumatatu fundi wa gereji akapiga simu, eti kompresa kaipata, safi kabisa, imetoka Dubai. Kaka akamweleza. Jamaa kimya kidogo, halafu, "Aa, hiyo bosi ni ya muda tu, itakufa." Mimi siwaiti mafundi wote wezi. Wengine kweli ni wezi. Lakini wengi wamefundishwa hivyo: mkononi wana mtungi wa gesi, basi kila ugonjwa dawa yake ni gesi, kama yule daktari wa mtaani ambaye kila homa kwake ni malaria. Kumbe gesi ya AC si petroli, haichomwi ikaisha. Inazunguka mle mle kwenye mabomba yaliyofungwa. Ikipungua sana kuna mahali inavuja, na fundi anayejaza bila kutafuta panapovuja anakuuzia kitu kile kile kila baada ya miezi.

Halafu kuna ile gesi ya elfu hamsini. Kama haikuwa imepungua, ile iliyoongezwa imekwenda wapi? Nikampeleka kaka Ilala. Mzee akafunga mita zake mbili, ya bluu na nyekundu, akaguna. Ilikuwa imezidi. Gesi ikizidi, presha inapanda na ubaridi unapungua badala ya kuongezeka, na kompresa inabebeshwa mzigo. Akaivuta iliyozidi kwenye mtungi, hakuipuliza hewani kama wafanyavyo wengine. Kilo moja ya R134a inalipasha joto dunia kama zaidi ya kilo elfu moja za hewa ya ukaa, na pia inaweza kukugandisha ngozi au jicho ikikurukia. Kwa hiyo droo na filta fungua mwenyewe, mabomba ya gesi mwachie mwenye mita. Alichukua elfu ishirini tu.

Nilipokuwa pale nikamchimba mzee zaidi, maana najua mtaniuliza. Wewe ambaye feni yako haifanyi kazi namba moja, mbili wala tatu, ila ukiweka nne inavuma, kwako ni kile kipande kidogo cha kupunguza mwendo kimeungua, mafundi wanakiita rezista, bei yake si ya kukopa. Wewe ambaye unasikia tik-tik-tik nyuma ya dashibodi ukibadilisha upepo, si mdudu, ni kijimota cha mlango meno yake ya plastiki yameisha. Wewe ambaye baridi inatoka upande wa abiria na kwako joto, kwenye gari za kuchagua ubaridi pande mbili, mwangalie yule mlango wa kuchanganya hewa, ingawa gesi pungufu nayo huweza kuleta mchezo huo. Na wewe unayepoa vizuri ukiwa mwendo kasi, ukifika foleni ya Ubungo joto linarudi, kafungue boneti uangalie kama feni ya mbele ya rejeta inazunguka AC ikiwa imewashwa. Ukienda kasi upepo wa barabara unaisaidia, ukisimama haina msaidizi.

Mzee alinipa na kigeugeu kimoja kinachowachanganya hata mafundi. Upepo unaanza vizuri, baada ya nusu saa unafifia mpaka kufa, ukizima AC kwa muda unarudi. Hapo evaporeta imeganda barafu, kama friji la zamani la bibi. Hiyo si filta peke yake, kinaweza kuwa kisoma-joto kimeharibika au gesi imepungua, mpelekee mwenye mita.

Harufu ya soksi mbichi unapowasha? Ni ukungu kwenye evaporeta, kwa sababu pale hukaa unyevu siku zote. Dakika chache kabla hujafika zima AC uache feni iendelee, pakauke. Zulia la miguuni kwa abiria limelowa na mvua haijanyesha? Kijibomba cha kumwaga yale maji kimeziba, maji yanarudi ndani. Kwa kawaida yanadondoka chini ya gari, tip-tip, na hayo si ugonjwa. Kuna binti namfahamu alilipia kuzibiwa "rejeta inayovuja", kumbe ni maji ya AC! Lakini kioo cha mbele kikijaa ukungu wenye mafuta mafuta na harufu tamu tamu, hayo ni maji ya rejeta yanavuja kwenye hita. Hilo usilichezee, injini itachemka.

Jambo moja mzee alilisema bila kicheko cha puani. Vijana tuna tabia ya kutoka disko usiku, gari limeegeshwa, injini inawaka, vioo juu, AC inapuliza, tunalala. Moshi wa ekzosi una gesi ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na kama bomba limetoboka au umeegesha mahali pasipo na hewa, inapenya ndani taratibu. Mtu anazidi kulala tu. Zima injini, teremsha kioo, mbu wakuume.

Kaka sasa hivi anadai nyota zake zimepanda. Jumapili ile hesa aliifikisha saa tatu usiku, elfu mbili alinikopa mimi na mpaka leo hajarudisha. Kitanda kipo. Tatizo limehamia kwangu, maana wifi katangaza mtaa mzima, na jana kaja jirani mwenye Noah, analalamika matundu ya kwenye dari hayatoi hata pumzi na watoto nyuma wanalia joto. Nikamuuliza kama ameshabonyeza swichi ya feni ya nyuma, kwa sababu Noah nyuma ina feni yake mbali na ya mbele.

"Ina swichi?" akaniuliza.

Miaka mitatu anaendesha lile gari. Nimemwambia alilete Jumamosi, na aje na soda ya baridi.